Kiganja cha Bi Mize

Iko nchi moja iitwayo Bayana. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake anayo Waziri peke yake, na huionyesha siku za sikukuu tu, tena kwa mbali. Watu wa Bayana ni watu wenye bahati. Hakuna mpweke hata mmoja. Mtu akipiga chafya chumbani kwake, mlango umefungwa, serikali humtakia afya njema.

Raha hiyo ililetwa na Wizara ya Kujuana, na Wizara iliileta kwa kadi. Kadi ya kwanza ilikuwa ndogo tu, ya kuingia mfuko wa shati, imeandikwa jina na mwaka wa kuzaliwa. Wakubwa wakaigeuza, wakaona nyuma kuna nafasi. Wakaongeza ukoo. Wakaongeza maradhi. Mwaka uliofuata wakaongeza jirani usiyemsalimia na sababu yake, halafu kilichopo chini ya godoro lako, halafu uliyemwota mara ya mwisho na mlikuwa mnafanya nini. Kadi ikanenepa. Lilipofika toleo la tisa ilikuwa ya bati, ukubwa wa sinia la kulia watu wanne, ina matundu mawili juu ya kupitishia kamba, na kila mtu aliivaa shingoni maandishi yakitazama nje. Wanawake waliizoea upesi. Upande wa nyuma walipepetea mchele. Siku za upepo mkali wazee wembamba walishauriwa wasitoke.

Sheria ya salamu ilikuwa nyepesi. Wawili wakikutana njiani, kwanza walisomana, kuanzia juu hadi chini, ndipo wakaamkiana.

"Naona bawasiri imerudi, shoga."

"Imerudi. Na wewe naona mumeo bado humpendi."

"Bado."

"Haya, msalimie."

Ofisini ilikuwa hivyo hivyo, ila kwa heshima zaidi. Ukifika dirishani, karani aliichukua kadi yako, akaisoma yote kwenye kipaza sauti, na foleni nzima nyuma yako ikaitikia, "Tumesikia!" Asiyeitikia alirudishwa mwisho wa foleni. Kadi za maofisa wenyewe zilikuwa ndogo kama zamani, tena hazikuandikwa kitu, kwa sababu maofisa wanajulikana tayari.

*

Katika nchi hiyo, mtaa wa Chekeni, alikaa mkunga aitwaye Bi Mize binti Kombo, mwenye miaka sabini na mitatu. Alikuwa amewapokea duniani watoto mia nne na kumi na wawili, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Chekeni walikuwa na mila yao. Mwanamke akishikwa na uchungu, na uchungu ukagoma, mtoto hashuki, walisema kuna neno limekaa njiani, na neno lenyewe ni jina la baba. Basi mkunga aliwatoa watu wote nje, akasogeza kiganja chake cha kulia mdomoni kwa mzazi, na mzazi akalitamka jina humo ndani kwa pumzi tu. Mkunga akafumba mkono. Mtoto akashuka. Kisha mkono ule ule ulifumbuliwa ndani ya beseni la kumwogeshea mtoto, na maji yakamwagwa kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Hiyo waliiita kutua. Jina likishatuliwa halina mwenyewe, haliulizwi. Hata mume mwenye wivu wa kung'ata ukuta hakuthubutu kuuliza; angechekwa mpaka ahame.

Na wengi waliotaja, walitaja waume zao. Jambo hili lilimchekesha Bi Mize moyoni miaka yote hiyo: mwanamke amefungwa na uchungu tangu alfajiri, amerarua kanga mbili, amewalaani mawifi wote, halafu jina analolinong'ona kwa siri kubwa vile ni la bwana yule yule aliyekaa barazani anatafuna karanga. Wengi, lakini si wote. Na kwa kuwa si wote, Bi Mize hakusema hata la mmoja. Alijua kwamba akimwambia mwanamume mmoja tu, "Huyu ni wako, tulia," basi yule wa pili ambaye hakuambiwa ameshaambiwa.

Mwaka huo Bi Mize alikuwa na shughuli. Mjukuu wake Sikujua, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, alikuwa anaolewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. (Kwenye kadi aliandikwa Najua. Karani alisema Bayana hakuna mtu wa jina lile lingine.) Mchumba wake ni Ngwali, fundi viatu, kijana mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mama yake Ngwali, marehemu Mafunda, alikufa mtoto akiwa na miaka tisa, na baba yake, Mzee Makungu, hakuoa tena. Alimpikia mwanawe uji, alimfulia sare za shule, na alimsuka hata nywele siku moja shuleni walipoigiza mchezo na Ngwali akapewa nafasi ya shangazi.

Kila kitu kilikuwa tayari. Mchele umechambuliwa, mbuzi wawili wamefungwa uani. Ndipo likatoka toleo la kumi la kadi, lenye mstari mpya: Baba wa Kweli. Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba hakuna atakayefunga ndoa kabla mstari huo haujajazwa.

*

Wizara isingejua lolote juu ya kutua kama Bi Mize mwenyewe hangekuwa mkweli. Karani alipomwuliza kazi yake, wengine wangesema "mkunga" wakaondoka. Bi Mize, kwa kuwa ameulizwa na mtu wa serikali, alieleza vizuri: anapokea watoto, anapokea na majina. Karani alimwomba arudie, akaandika kila kitu, akamshukuru sana.

Siku ya pili yake akaja Bwana Kipalo, Afisa Mjuzi wa Wilaya. Alikuwa na miaka thelathini na minne, viatu vyenye ncha, na alihamia wilaya hiyo mwaka jana. Alimkuta Bi Mize juu ya mbuzi ya kukunia anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba. Hunisomi kwanza?"

"Nimekusoma ofisini. Ndiyo yaliyonileta."

Alikaribishwa kiti akakataa, kwa sababu maneno ya Wizara hayasomwi kwa kukaa. Akakunjua karatasi.

"Kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri, Mjuzi wa Wajuzi, Sikio la Taifa na Jicho la Akiba, natamka ya kwamba wewe Mize binti Kombo umeshikilia mkononi, bila kibali na kwa muda wa miaka hamsini na mmoja, mali ya umma, yaani majina mia nne na kumi na mawili. Unaombwa uyarejeshe kwa upendo."

"Mkono upi, baba?"

"Wa kulia."

Bi Mize aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umejaa nazi iliyokunwa.

"Hayamo. Yalikwenda na maji."

"Na maji yakaenda wapi?"

"Mgombani."

Kipalo akaandika. Alasiri wakaja vibarua sita na majembe, wakang'oa mgomba, wakachimba shimo la kumfika mtu kifuani, wakajaza udongo magunia kumi na tisa. Kila gunia lilivalishwa kadi yake shingoni na kupakiwa lori kwenda makao makuu. Baada ya siku nne jibu likaja: udongo haujasema kitu, lakini mahojiano yanaendelea.

Kipalo akarudi. Safari hii kiti alikikubali.

"Bi Mkubwa, tusisumbuane. Nitajie kwa mdomo, mimi naandika. Ukichoka tutapumzika, tutakunywa chai."

"Mdomo haukuambiwa kitu, mwanangu. Kiliambiwa kiganja. Kakiulize chenyewe."

Alisema hivyo kumaliza maneno tu, kama unavyomwambia mtoto msumbufu kwamba paka ameenda na pipi. Sikujua alicheka jikoni. Kipalo hakucheka. Aliandika neno kwa neno, akapiga mstari chini yake, akaagiza mashine.

*

Mashine ya viganja ilikuja na gari la wazi, imefunikwa zulia. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, juu ina kioo, ubavuni ina mdomo wa kutolea karatasi. Wakazi wote waliitwa uwanjani kwa uzinduzi. Ngoma zilipigwa, shairi la kuisifu mashine likasomwa, beti arobaini, na Kipalo akavua koti, akaweka kiganja chake juu ya kioo mbele ya watu. Mashine ikawaka taa ya kijani. Kwenye kioo yakaandikika maneno: KARIBU, KIPALO. Watu wakapiga makofi, maana hawakuwahi kuona kabati linalokaribisha mtu.

Kisha Bi Mize akawekwa kwenye stuli, mkono wake ukalazwa juu ya kioo, na kamba mbili zikapitishwa kwenye kifundo ili majina yasishtuke. Ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza kioo kilikuwa vuguvugu. Siku ya pili ngozi ilianza kuvimba.

"Usikunje vidole, Bi Mkubwa," Kipalo alimsihi. "Yatakwama."

"Panachoma, baba."

"Ni dalili nzuri. Yanatoka."

Sikujua alimletea uji akamnywesha kwa kijiko. Aliomba walau apake mafuta kwenye mkono, akaambiwa mafuta yatafanya majina yateleze. Siku ya tatu alasiri, malengelenge yamepasuka na kiganja kimekuwa chekundu kama nyama ya buchani, mashine ilipiga kelele na kutapika karatasi ndefu.

Kipalo aliichukua kwa mikono miwili, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mtoto wa kwanza, Pandu wa genge la mboga, miaka hamsini na mmoja. Baba wa kweli..." Akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Baba wa kweli, Kipalo."

"Tumesikia!" uwanja ukaitikia, kwa mazoea.

"Mtoto wa pili, Sudi, seremala. Baba wa kweli, Kipalo."

"Tumesikia!"

Akaendelea. Watoto mia nne na kumi na wawili, wazee kwa vichanga, wote baba yao Kipalo. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ncha za viatu. Bi Mize, mkono bado umefungwa, alimwita kwa sauti ya chini asimwaibishe.

"Baba, hiyo imekutaja wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeigusa kwanza. Haimjui mwingine."

Kipalo alijua hivyo. Lakini Bayana kulikuwa na sheria kwamba anayesema mashine imekosea, hata akiwa ofisa, huandikiwa mstari wa saba wa kadi, ulioitwa Akili, na baada ya hapo huchukuliwa na gari jeupe. Akakunja karatasi. Kabla hajamaliza kuikunja, simu ikalia, ni Waziri mwenyewe, anampongeza kwa uzazi uliotukuka na kumpa cheo cha Baba wa Wilaya. Kipalo aliposhusha simu alikuwa mtu mwingine. Aliwatazama watu waliokuwa uwanjani, mmoja mmoja, akaanza kuona pua yake kila mahali.

*

Jioni hiyo hiyo kadi za toleo la kumi zikagawiwa, na utekelezaji ukaanza. Kwa kuwa ndugu hawaoani, na Chekeni wote walikuwa ndugu, ndoa sitini na nne zilivunjwa kabla ya chakula. Pandu wa genge alikuwa na mkewe miaka ishirini na minane. Watu wa Wizara walimchorea mstari wa chokaa katikati ya chumba, wakakata godoro kwa msumeno kufuata mstari. Mkewe aliuliza mto utaangukia upande gani. Wakaupima mto, wakaukata nao.

Zilibaki siku tatu kufika Ijumaa. Ngwali alikuja kwa Bi Mize, akasimama mlangoni akiizungusha kofia yake. Nyuma yake alikuwa Mzee Makungu. Sikujua alikuwa anambadilishia bibi yake kitambaa cha mkono.

"Bibi," Ngwali alisema, "wameweka bango. Mwenye pingamizi ana siku tatu. Lakini hawasikilizi mama wala baba, wanasema hao wana maslahi yao. Wanamsikiliza mkunga tu."

"Nimelisikia bango, mume wangu."

"Basi sema neno moja."

Bi Mize alimtazama Makungu, naye Makungu akatazama sakafu.

"Mimi sikuulizi, Bi Mize," mzee yule akasema. "Miaka ishirini na saba sijakuuliza, na leo sikuulizi. Nimekuja kumsindikiza mtoto tu."

Walipoondoka, Sikujua alibana mafundo ya kitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kwani mama yake alikutajia jina baya?"

"Unajua siwezi kusema."

"Ungekuwa huwezi kusema kwa sababu ni baya, usingekubali niolewe. Kwa hiyo si baya. Kwa hiyo ni la Mzee Makungu. Kwa hiyo useme!"

"Nikimsema huyo, mjukuu wangu, nimewasema wote. Kesho atakuja mwingine aseme, 'Na mimi?' Nikinyamaza mbele yake, nimemchinja mkewe."

Sikujua alikata uzi wa kitambaa kwa meno.

"Hao wote si wajukuu zako, bibi."

Akatoka kwenda kuwapa mbuzi maji. Bi Mize alibaki anautazama mkono wake. Miaka hamsini na mmoja mkono ule haukumdhuru mtu. Aliwaza ya kwamba jina la Makungu ni jina safi, halina aibu ndani yake, na kwamba labda, kwa neno moja tu safi, watu wa mtaa wake wangeona haya kuuliza la pili. Aliwajua watu hao tangu wakiwa na kitovu. Aliwaamini.

*

Asubuhi alifika dirishani mapema, lakini foleni ilikuwa imemtangulia, maana habari kwamba mkunga atasema zilikuwa zimeshasomwa kwenye kadi ya Sikujua, mstari wa mambo anayoyatumaini. Mtaa mzima ulikuwepo. Wengine walikuja na viti.

Nyuma ya dirisha aliketi Kipalo mwenyewe, na karani wake amempisha.

"Karibu, mama wa wanangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Una pingamizi?"

"Ninalo moja. Ngwali ni mtoto wa Makungu. Mama yake alinitajia jina la mumewe, Makungu, na mwingine hapana."

"Tumesikia!"

Mzee Makungu alikuwa amesimama karibu na nguzo. Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Ngwali akamshika. Kwa kiasi cha mtu kuvuta pumzi tatu, jambo lilikuwa limeisha, tena limeisha vizuri.

Halafu Sudi seremala akasema kutoka katikati ya foleni, "Na wangu, Bi Mize?"

Hakuna aliyemcheka. Sudi alikuwa na watoto wanne. Mkewe Chiku alisimama kando yake, anaitazama kamba ya kadi yake, anaizungusha kidoleni, anaizungusha.

"Sudi, baba, wewe hayo ya nini?"

"Si umemwambia Makungu? Mimi mbwa?"

"Mwambie na yeye!" sauti zikasema nyuma. "Mwambie tusikie!"

Bi Mize aliona kidole cha Chiku kimegeuka cheupe kwa kamba.

"Ni wako," akasema.

"Wote wanne?"

"Wote wanne, Sudi."

"Tumesikia!"

"Na mimi?" akasema wa nyuma yake. "Na huyu wangu wa tatu, mwenye macho yale?" akasema mwingine. Wakaanza kusukumana. Kipalo aliinua mkono, watu wakatulia.

"Wizara haipokei pingamizi la mmoja. Hilo ni upendeleo, hasa mhusika akiwa mchumba wa mjukuu. Ama ulete yote mia nne na kumi na mawili, ama uondoke na lako."

Basi akaleta yote. Karani alisoma majina kutoka kwenye orodha, na kwa kila jina Bi Mize alisema, "Ni wa mume." Alianza jua halijapanda na alimaliza makarani wanafunga madirisha, sauti imekauka, anaitikia kwa kichwa tu. Kati ya hayo aliyoyasema, mangapi yalikuwa kweli? Yeye anajua. Wanaume wa Chekeni walirudi kwenye viti vyao wamefura vifua, na wanawake wengine, si wote, walikaa chini palepale vumbini kama waliokatwa miguu.

Kipalo alipiga hesabu ndogo kwenye karatasi, akavua miwani.

"Bi Mkubwa, umefanya kazi nzuri, na inaniuma kusema. Wizara imekadiria kwamba katika kila mtaa watoto kumi na wawili katika kila mia si wa mwenye nyumba. Ni kadirio la kitaifa, limesainiwa. Wewe umeniletea mtaa mzima hauna hata mmoja. Mtaa usio na aibu ni mtaa unaoficha. Siwezi kuyapokea."

"Basi chukua la Ngwali peke yake," Bi Mize akasema. Alishika vyuma vya dirisha, hata mkono wenye kidonda. "Mwanangu, hilo moja ni kweli. Wallahi ni kweli."

Kipalo akasogeza kipaza sauti mpaka kwenye midomo yake, kwa upole kabisa.

"Na yale mengine?"

Bi Mize alisikia kadi zikigongana taratibu vifuani kwa jinsi watu walivyokuwa wanahema. Hakugeuka nyuma. Hakuhitaji kugeuka kujua Chiku amesimama wapi.

"Yale mengine," akasema, "pia ni kweli."

"Sawa kama hili?"

"Sawa kama hilo."

"Basi yote ni sawa," Kipalo akasema, akachukua muhuri, "na yote yamekataliwa kwa pamoja, kama yalivyoletwa."

"Tumesikia!"

*

Ijumaa ikafika. Mbuzi walikuwa wameshachinjwa na mchele umeshalowekwa, na serikali ya Bayana haipendi chakula kiharibike. Kwa hiyo Wizara iliitumia shughuli hiyo hiyo, turubai lile lile, wageni wale wale, kwa Hafla ya Kuwaunganisha Ndugu Waliopotezana. Kipalo aliketi mbele, juu ya kiti cha baba, koti jipya, ua kifuani. Kulia kwake alikaa Sikujua, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Kushoto alikaa Ngwali katika kanzu aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mpiga picha wa Wizara aliwaomba wasogee.

"Mwite kaka yako, mwanangu," Kipalo akasema. "Watu wasikie."

Mpiga picha akasubiri.

"Kaka," Sikujua akasema.

"Na wewe."

"Dada," Ngwali akasema.

Makofi yakapigwa. Sudi seremala hakupiga. Tangu ile siku ya dirishani alikuwa anakaa mbali na Chiku, anawaangalia watoto wake masikio, mmoja baada ya mwingine, kisha anajishika ya kwake. Hakuwa peke yake. Wanaume walikuwa wamefurahi kwa siku moja tu. Siku ya pili kila mmoja alikumbuka kwamba jirani yake naye ameambiwa vile vile, na ya nyumbani kwa jirani yake kila mtu anayajua.

Bi Mize alikuwa kwenye sufuria, anapakua pilau kwa mkono wa kushoto. Mzee Makungu alikuja na sahani yake. Alikuwa amevaa suti aliyoolea, imembana mgongoni. Alisubiri mpaka aliyekuwa nyuma yake akaondoka.

"Bi Mize."

"Naam, Makungu."

"Yule maskini Mafunda hayupo nikamwuliza."

"Usiulize, Makungu. Nilikuambia kweli. Wewe nilikuambia kweli."

Mzee yule aliitikia kwa kichwa polepole, kwa adabu, kama mtu anayeshukuru kwa zawadi ambayo haitamtosha.

"Ndiyo," akasema. "Na Sudi umemwambia hivyo hivyo."

Akapokea sahani. Alitazama mbele, kwenye kile kiti, halafu akatafuta nafasi upande wa wageni, akaketi, akaanza kula.